Mwenzako Hawezi Harufu ya Sungura wa Ndani: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa saba hapa Mbeya, ikishafika saa 12 jioni hakuna anayeacha dirisha wazi. Baridi inashuka kutoka mlima Loleza, mapazia yanavutwa, mlango unafungwa, na kila kilichomo ndani ya nyumba kinabaki humo humo mpaka asubuhi. Ndio mwezi ambao mume wangu alianza kula chakula cha usiku kibarazani, amevaa koti na kofia ya sufu. Nilipomuuliza kulikoni, alisema kwa upole, "Mama, humo ndani pananuka mkojo." Nami nikamjibu maneno ambayo nimekuja kuyajutia: "Mbona mimi sisikii kitu?"

Mkojo ulikuwa wa Kashata, sungura wetu dume, wakati huo ana mwaka mmoja, akiishi nasi sebuleni nyuma ya kochi. Nilikuwa nafagia kila asubuhi na kubadilisha nyasi, kwa hiyo nilijihesabia haki. Moyoni nilihisi mume wangu hampendi sungura na anatafuta sababu. Ilinichukua wiki 5 kujua kwamba alikuwa anasema kweli, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimepoteza uwezo wa kuisikia harufu ile. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu angenipa siku ile ya kwanza, yakiwa yamepangwa kwa nyumba za kwetu: sakafu ya sementi, kapeti ya plastiki juu yake, madirisha yanayofungwa mapema, na majirani wengi wanaomjua sungura kama kitoweo tu.

Hatua ya 1: Amini pua ya mwenzako, kisha itumie

Pua huzoea. Ukikaa ndani ya harufu moja kwa dakika chache, ubongo unaanza kuipuuza. Anayeshinda na sungura ndiye wa mwisho kuisikia harufu yake, na anayerudi kutoka kazini ndiye anayeipokea nzima nzima mlangoni. Halafu pua zenyewe hazilingani. Mwanamke mwenye mimba changa anaweza kutapika kwa harufu ambayo mwezi uliopita hakuijali. Mwenye kipandauso anaweza kuanza kuumwa kichwa kwa sababu ya harufu kali. Na wapo ambao tangu waugue UVIKO-19 baadhi ya harufu zimewabadilikia zikawa kama za kitu kilichooza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayejifanya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina ndoo wala sabuni. Mwambie mwenzako, "Nakuamini. Nisaidie kujua ni wapi na ni saa ngapi." Tundikeni kalenda karibu na mlango. Kila jioni anapoingia, kabla hajavua viatu, aandike namba kuanzia 0 hadi 5. Sifuri ni hakuna kitu, tano ni kwamba hawezi kukaa ndani. Usibishane na namba hiyo. Ndiyo itakayokuambia kama unachofanya kinasaidia. Badilisha jambo moja, ngoja siku 3 au 4, tazama namba, ndipo uende kwenye jambo linalofuata. Ukibadilisha yote kwa siku moja hutajua kilichosaidia, na utajikuta umejitwika kazi 7 za kila siku wakati 2 zingetosha.

Nawe jipime. Toka nje nusu saa, tembea hadi dukani, ongea na watu, kisha rudi na uvute pumzi ya kwanza mlangoni. Una pumzi tatu au nne za ukweli kabla pua yako haijazoea tena.

Jambo moja usilifanye kabisa katika hatua hii: kufukiza. Mimi nilichoma udi, siku iliyofuata nikapuliza dawa ya kunukisha chumba. Namba ya mume wangu ikapanda kutoka 3 hadi 5. Kwa mtu mwenye pua nyepesi, manukato juu ya mkojo ni harufu mbili badala ya moja, na ile ya pili mara nyingi ndiyo inayomuumiza kichwa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni harufu, si ugonjwa

Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema "inanuka" na mtu ambaye kifua kinambana. Akipiga chafya mfululizo, macho yakiwasha na kutoa machozi, ngozi ikitoka vipele alipokwaruzwa au kulambwa, huo huenda ni mzio. Mzio wa sungura hutokana na protini zilizomo kwenye mate yake, mkojo na magamba madogo ya ngozi yanayoshikamana na manyoya, wala hauhitaji harufu yoyote. Unaweza kuiondoa harufu yote na mzio ukabaki pale pale. Wengine mzio wao si wa sungura bali wa nyasi kavu, hasa nyasi zilizokaushwa vibaya wakati wa mvua zikashika ukungu. Kujaribu ni rahisi: mwenzako akae chumba kingine wakati unatikisa nyasi, kisha siku nyingine akae mbali na sungura lakini karibu na nyasi.

Akikohoa na kusikika filimbi kifuani, au kama ana pumu na imeanza kumsumbua zaidi, acha kusoma hatua zinazofuata. Sungura atoke ndani leo, mwenzako aende kwa daktari. Mengine mtayapanga baadaye.

Kwa mjamzito, najua hofu inayosambazwa mitaani kuhusu wanyama wa ndani. Kile kimelea cha toksoplasma kinachoogopwa husambazwa na kinyesi cha paka, si cha sungura. Hata hivyo mjamzito asisafishe beseni la sungura, kwa sababu amonia na kichefuchefu havipatani. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya miezi mitatu au minne ya mwanzo, kwa hiyo kumhamishia sungura kibarazani kwa muda huo kunaweza kutosha bila kumtoa kabisa. Na yeyote ambaye kinga yake ya mwili imeshuka asishike mkojo wa sungura, maana kuna kimelea kinachotoka na mkojo huo ambacho mtu mwenye afya hakimsumbui, ila yeye kinaweza kumdhuru.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo kwa magoti

Wiki ya 5 alikuja mama mkwe kutoka Tukuyu na ndizi zake na maharage. Hakusema neno siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kochi, ameinua ukingo wa kapeti. "Mwanangu," akaniambia, "huku chini kumelowa." Kapeti ya plastiki haipitishi mkojo, ndiyo maana tunaipenda. Lakini mkojo unaoanguka pembeni hupenya chini yake, unakaa juu ya sementi bila hewa wala jua, nawe unaendelea kupiga deki juu kila siku ukifikiri umesafisha. Kashata alikuwa amechagua kona ile ile kwa miezi kadhaa. Sementi ilikuwa na madoa meupe kama chokaa.

Basi fanya alichofanya mama mkwe. Inua kapeti yote, si ukingo tu. Sogeza kochi. Nusa miguu ya mbao ya meza, chini ya zulia, nyuma ya pazia refu, pembe za ukuta kwa urefu wa goti, maana dume asiyehasiwa hunyunyiza mkojo ukutani na hata kwenye viatu. Nusa pia alipolalia, blanketi lake, boksi lake. Madoa meupe ni madini ya chokaa. Sungura hutoa kalisi ya ziada kupitia mkojo, tofauti na wanyama wengi, ndiyo maana mkojo wake mara nyingi ni mzito kama maji ya unga. Ukiwa wa rangi ya chungwa au mwekundu-mwekundu, mara nyingi ni rangi itokanayo na majani aliyokula. Lakini akikojoa kwa kujikamua, au ukiona damu yenyewe, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Vigoroli vikavu vya kinyesi chake usivilaumu bure. Ni nyasi zilizosagwa, karibu havina harufu. Kinachonuka ni kile kinyesi laini, kinachong'aa, kilichoshikana kama kishada. Hicho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye mkundu, na ndivyo alivyoumbwa, kwa sababu humo mna vitamini na protini. Ukikiona kimebaki sakafuni au kimeganda kwenye manyoya, kuna tatizo la chakula, unene au ugonjwa. Nalieleza hilo chini.

Mwisho mgeuze sungura mwenyewe taratibu, mapajani kwako, mgongo ukiwa umeshikwa vizuri. Pembeni mwa sehemu za siri kuna mifuko miwili midogo ya ngozi yenye nta ya kahawia. Ni tezi za harufu, na nta hiyo ikijaa inanuka kuliko beseni zima. Ilainishe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu au tone la mafuta ya kula, ifute polepole, usikwangue. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Hatua ya 4: Ondoa mkojo uliokwisha kuingia

Mkojo mbichi wa sungura haunuki sana. Ndani yake mna urea, na bakteria walioko sakafuni huivunja ikatoa amonia, ile hewa kali inayochoma macho ukiingia kwenye banda la kuku lililosahaulika. Hiyo haitokei papo hapo. Inachukua saa kadhaa hadi siku mbili, haraka zaidi pakiwa na joto na unyevu. Kwa hiyo una kazi mbili: kuutoa mkojo kabla bakteria hawajauvunja, na kuifunga amonia ambayo imeshatoka.

Siki nyeupe inafanya kazi ya pili. Siki ni asidi, na amonia ikikutana na asidi hugeuka chumvi isiyoruka hewani. Haiifuniki harufu, inaiondoa. Inayeyusha pia yale madoa meupe ambayo sabuni haiyagusi. Majivu yanafanya kinyume chake. Najua nyumbani tunanyunyiza majivu kila mahali, chooni, bandani, na yana faida zake. Lakini majivu na chokaa juu ya mkojo vinaisukuma amonia itoke kwa wingi. Usivitumie kwenye sakafu ya sungura.

Chagua siku ambayo mwenzako hayupo, maana siki nayo ina harufu yake mpaka ikauke. Mtoe sungura nje ya chumba. Kausha kwanza kwa magazeti, ukikandamiza, usisugue. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, mwaga palipoathirika. Kwenye vigae ngoja dakika 15. Kwenye sementi dakika 5 zinatosha, kwa sababu asidi inaila sementi. Sugua kwa brashi, suuza kwa maji matupu mara mbili, kausha, kisha acha dirisha wazi mchana kutwa na kapeti ikiwa imekunjwa nje juani. Siki ikikosekana, limau lililokamuliwa kwenye maji linasaidia, ingawa kwa madoa ya zamani ni dhaifu.

Sementi isiyopakwa rangi ina vitundu, na mkojo wa miezi hautoki kwa safari moja. Sisi tulirudia mara 3, siku tofauti. Baada ya hapo mume wangu alipaka kona ile rangi ya sakafu, tabaka mbili, na Kashata akakaa chumba kingine mpaka rangi ikakauka na harufu yake ikaisha. Ningeshauri kila mwenye nyumba ya sementi afanye hivyo. Kwenye kalenda yetu hakuna kilichoshusha namba kama rangi ile: kutoka 4 hadi 2.

Blanketi, foronya na vitambaa vya kochi viloweke usiku kucha katika sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Tumia maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto yanaviharibu vimeng'enya hivyo kabla havijafanya kazi. Anika juani.

Sasa onyo ambalo naomba ulisome mara mbili. Dawa ya klorini ya kufanyia usafi usiimwage kamwe juu ya mkojo. Klorini na amonia vinazaa gesi inayoumiza mapafu, na klorini ikichanganywa na siki inazaa nyingine, mbaya vilevile. Katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi, hilo si jambo dogo kwako, kwa mtoto wala kwa sungura.

Hatua ya 5: Mpe beseni, na lisimamie

Hii ndiyo kazi ya kila siku, na ndiyo inayoamua kama mtaishi pamoja au la. Sungura wa kilo 2 anaweza kukojoa kiasi cha glasi nzima kwa siku. Uzuri wake ni kwamba kwa asili anapenda kukojoa mahali pamoja. Wewe unachofanya ni kupaheshimu mahali alipopachagua na kuweka beseni hapo hapo.

Tafuta beseni la plastiki la mstatili, lenye kina kifupi, kubwa kiasi cha yeye kuingia na kujigeuza. Tandika gazeti, juu yake maranda ya mbao kwa unene wa sentimita 3 hadi 5, na upande mmoja weka nyasi kavu safi. Nyasi hizo ndiyo siri, kwa sababu sungura anapenda kula huku anajisaidia, na nyasi zikiwa humo atakaa humo. Siku ya kwanza weka pia gazeti lililolowa mkojo wake na vigoroli vichache ili aelewe. Akikojoa nje ya beseni, futa kwa siki na usimpige wala kumkaripia. Anachojifunza hapo ni kukuogopa tu.

Kuhusu maranda, huku kwetu tuna bahati na tuna hatari. Mafundi seremala wamejaa kila mtaa, na mbao nyingi ni paina kutoka Mufindi na Njombe. Maranda ya paina mbichi, yanayonukia utomvu, yana kemikali zinazoweza kuathiri ini na njia ya hewa ya sungura. Halafu harufu yenyewe ya utomvu inaweza kumsumbua mwenzako. Chukua ya mbao zilizokauka vizuri, yaanike siku kadhaa juani mpaka harufu iishe. Usichukue kabisa ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani. Muulize fundi, naye atakuambia. Vumbi laini la msumeno liache, linaingia puani kwake na kwenu. Pumba za mpunga kutoka Mbarali au Kyela ni nyepesi na rahisi kupata, lakini hazinyonyi mkojo vizuri, zitumie chini ya gazeti tu au ziache.

Kila asubuhi toa sehemu iliyolowa na uongeze maranda makavu. Badilisha beseni lote kila baada ya siku 2. Kama mwenzako ni mjamzito au namba haishuki chini ya 3, badilisha kila siku. Nunua mabeseni mawili, moja likiwa kazini lingine linasuguliwa kwa siki na kuanikwa juani. Unachotoa kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko na kitoke nje ya nyumba saa ile ile. Usikiache jikoni kikisubiri jioni. Wenye bustani wanajua thamani yake: vigoroli vinafaa kwenye chainizi na migomba bila shida, na mkojo uliochanganywa na maji mengi wakulima wanautumia kama mbolea. Jirani yangu huja kuchukua ndoo yangu mwenyewe.

Kosa moja ambalo watu wasafi huangukia, nami nilikuwa mmoja wao: kuosha kila kitu siku moja, beseni, kizimba, blanketi, sakafu. Sungura akirudi akakuta mahali pake hapana harufu yake hata kidogo, anaanza upya kuweka alama kila kona. Osha beseni leo, blanketi keshokutwa.

Sungura mwenyewe usimwogeshe. Katika baridi yetu, kumlowesha ni kumhatarisha, na mshtuko peke yake unaweza kumwua. Palipochafuka futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kausha kwa taulo, basi.

Mkaa uliovunjwa vipande na kuwekwa kwenye mfuko wa kitambaa karibu na beseni hunyonya harufu kidogo. Ni kidogo kweli. Usiutegemee.

Hatua ya 6: Rekebisha chakula

Sungura anayelishwa pumba za mahindi, mabaki ya ugali, mkate na kabichi nyingi atatoa kinyesi laini anachoshindwa kukimaliza, na nyumba itanuka hata beseni likiwa safi. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi, mbichi zilizonyauka kidogo au kavu, zisizo na ukungu. Majani ya matembele, kishona nguo na majani ya karoti ongeza kwa kiasi. Chakula cha dukani chenye protini nyingi kipunguze, kwa maana protini ya ziada ndiyo inayotoka kama urea. Badilisha polepole kwa wiki moja au mbili, tumbo lake halivumilii mageuzi ya ghafla.

Maji usimnyime. Wapo wanaosema sungura hanywi maji, na wapo wanaopunguza maji ili akojoe kidogo. Mkojo unakuwa mzito, mkali zaidi, na anaweza kupata mawe ya kibofu.

Na kwa kuwa tunaishi katikati ya mashamba: majani ya parachichi ni sumu kwake, na ya viazi mviringo na nyanya vilevile. Huku Rungwe, Njombe na Makete hayo ndiyo yanayookotwa kwanza.

Hatua ya 7: Kumhasi

Kama sungura wako ni dume mwenye zaidi ya miezi 4 na ananyunyizia ukutani, usafi wote huo utakuwa unakimbizana naye. Homoni ndizo zinazoupa mkojo wake ukali ule na kumfanya aweke alama. Kumhasi hupunguza vyote viwili kwa wengi wao, ingawa si siku ya pili, subiri wiki kadhaa. Katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo bado anaweza kumpa jike mimba, na jike hubeba mimba siku 31 hivi tu. Jike naye hufanyiwa upasuaji akiwa na miezi 5 au 6 kuendelea. Mbali na harufu, majike wengi wasiofanyiwa hupata saratani ya mji wa mimba wanapozeeka.

Si kila daktari wa mifugo amezoea sungura, kwa hiyo muulize swali hili: "Nimnyime chakula usiku wa kuamkia upasuaji?" Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama anaweza kufa, kwa hiyo halazwi njaa kabla ya upasuaji. Anayekuambia umnyime chakula kama mbwa, mshukuru na utafute mwingine. Hakikisha amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Wanaohasi mbuzi na ng'ombe mitaani usiwape. Mjini ukikosa mtu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Ni safari, lakini unaifanya mara moja.

Sisi tulimhasi Kashata. Namba ilikaa kwenye 2 kwa karibu mwezi mzima, halafu ikaanza kuwa 1.

Hatua ya 8: Hewa na mahali pa kumweka

Asubuhi jua likishatoka, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana kwa dakika 15. Rudia saa 10 jioni kabla baridi haijashuka. Dakika 15 za hewa inayopita zinafaa kuliko dirisha moja lililoachwa wazi kidogo kutwa nzima.

Utagundua kwamba harufu huamka usiku nyumba ikipata joto. Harufu huruka zaidi kwenye joto, kwa hiyo sebule iliyokuwa nzuri saa 11 inaweza kuwa mbaya saa 2. Kama mnaingiza jiko la mkaa ndani ili kuota, liacheni hilo kwa sababu kubwa kuliko sungura: gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksidi, inaua watu wakiwa usingizini. Vaeni nguo nzito.

Chumba cha kulala kisiwe cha sungura hata siku moja, wala jikoni. Mwenzako anahitaji angalau chumba kimoja ambacho ana hakika nacho. Kuna jambo ambalo watu wa kwetu wanapaswa kulijua: hali ya hewa ya Mbeya, Iringa na Njombe inamfaa sungura kuliko ya Dar es Salaam. Joto la zaidi ya nyuzi 28 humtesa, lakini baridi kavu anaivumilia vizuri. Asichoweza ni upepo unaompiga moja kwa moja na unyevu. Kibaraza kilichozibwa pande tatu, na boksi la mbao lililojaa nyasi kavu, kinamtosha hata mwezi wa saba.

Ila usimtoe mwezi wa saba kama amekulia ndani. Anza mwezi wa 10 au 11, alale nje kidogo kidogo, manyoya yajipange kabla baridi haijarudi. Inua banda kutoka chini, weka miguu yake ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari ili siafu wasipande, maana siafu wakimkuta amefungiwa hawamwachi hai. Wavu uwe mgumu dhidi ya vicheche na mbwa, sakafu iwe ya mbao sehemu anayolala ili nyayo zisipate vidonda, na mlango uwe na kufuli kwa ajili ya watu. Sungura aliye nje peke yake anaumia kwa upweke. Mwingize ndani saa moja au mbili kwa siku, mwenzako akiwa hayupo au akiwa amekubali.

Kama namba haishuki

Mkikaa miezi 2 mkifanya haya na kalenda bado inaonyesha 3 na 4, au mwenzako amekonda kwa kutokula, basi mtafutieni sungura nyumba nyingine, na mfanye hivyo mkiwa wawili. Usimwachie mwenzako aonekane ndiye aliyemfukuza. Muulize anayemchukua wazi wazi kama anataka wa kufuga au wa kitoweo. Hakuna aibu katika kuuliza, na wengi watakujibu kweli. Mpe nyasi za siku 7 alizozoea ili tumbo lisivurugike, umweleze kuhusu majani ya parachichi na viazi, umpe jina la daktari wako. Na mpe beseni lake. Siku hiyo usilioshe, ili akifika huko ugenini alitambue.